Gari la spoti la zamani la kufufua nyumbani Mombasa: lipi lianze, lipi uliache

Mtu wa Mombasa anayetafuta gari la spoti la zamani huanza na masikio. Hufungua boneti, hukanyaga mafuta, na akisikia mngurumo mtamu moyo umekwenda, pesa nazo zimekwenda. Mimi nasema anza na magoti. Piga magoti, chungulia chini. Injini iliyochoka utapata nyingine ya kutoka Japani ikafungwa kwa siku mbili tatu. Bodi ikiliwa na chumvi ya bahari, nyingine haiuzwi dukani.

Hili nimejifunza kwa pesa zangu. Niliwahi kununua gari jekundu, rangi inameta hata unajiona uso. Nilipolipeleka kwa mzee mmoja fundi wa bodi Kisauni, alitoa sumaku aliyoing'oa kwenye spika bovu, akaitembeza mlangoni. Ikashika. Alipoishusha kwenye ukingo wa chini ya mlango, ikaanguka. Akaiokota, akairudisha, ikaanguka tena. "Mwanangu," akaniambia, "hapa hamna bati, hapa pana puti ya kuzibia mashimo." Kukata na kuchomelea kulinigharimu zaidi ya bei ya gari lenyewe. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na lile lilikuwa limetembezwa mji mzima kabla halijanifikia.

Kwa hiyo ninapopanga magari haya, sitazami lipi linakimbia zaidi. Natazama mambo mawili: bodi itapona kwa hewa yetu ya pwani? Na spea zinapatikana bila kuagiza ng'ambo? Kumbuka pia sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Gari unalolitafuta liko nchini tayari, na swali la kwanza la kumuuliza muuzaji ni gari limelala wapi miaka yote hii. Lililokaa Nakuru au Nairobi, hata likiwa na kilomita nyingi, nalipenda kuliko lililoegeshwa miaka kumi mbele ya bahari Nyali.

La kwanza: Toyota Celica ya 1999 hadi 2006

Wapenda mbio watanuna, maana inavutwa na magurudumu ya mbele. Wanune. Celica ya kawaida ya miaka hiyo ina injini ya 1ZZ, lita 1.8, ileile iliyomo kwenye Premio, Allion na Wish za enzi hizo. Maana yake ni kwamba pampu ya maji, sensa, alteneta na gasketi utazikuta kwenye maduka ya spea hapahapa mjini, na makanika anayetengeneza teksi anaijua injini hiyo usiku na mchana. Tena inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, ule unaoziendesha valvu.

Ugonjwa wake ni kunywa oili, hasa injini za miaka ya mwanzo: ringi za pistoni huziba na oili ikapanda. Nenda asubuhi kabla halijawashwa, vuta kijiti cha oili. Kisha endesha, achia mafuta kwa muda, kanyaga tena, na mwenzako aliye nyuma aangalie moshi. Ukiwa wa buluu, shusha bei au ondoka.

Jina lenyewe lina heshima katika nchi hii. Celica za vizazi vya nyuma zilishinda Safari Rally mwaka 1984, 1985 na 1986, na mwaka 1994 Mkenya mwenzetu Ian Duncan akashinda nayo. Hii ya 1999 si ile ya mashindano, lakini ukiiosha jioni ukaitazama kwa pembeni, utaelewa kwa nini naiweka juu.

La pili: Subaru Impreza WRX ya 2000 hadi 2007

Spea ni tele kwa sababu inashirikiana vitu vingi na Forester na Legacy, nayo inavuta magurudumu yote manne. Dereva Colin McRae alishinda Safari na Impreza mwaka 1997, na kabla ya hapo dereva wetu Patrick Njiru alishawafanya Wakenya wengi waipende Subaru. Kwa raha ya kuendesha ningeipa nafasi ya kwanza bila kufikiri.

Ninaishusha kwa sababu ya waliotutangulia. WRX nyingi zimepita mikononi mwa vijana walioongeza presha ya tabo (ile pampu ya kuisukumia injini hewa), wakabadilisha ekzosi, wakasahau oili. Injini yake pistoni zimelala ubavu, na ikikaushwa oili beringi za mikono ya pistoni huanza kugonga. Ukisikia mlio huo wa kugonga wa chini unaopanda na mwendo, usibishane na mtu, rudisha ufunguo. Mkanda wa taimingi nao ukikatika, valvu hukutana na pistoni. Kama muuzaji hana ushahidi wa lini ulibadilishwa, hesabu kwamba haujabadilishwa. Tafuta iliyo kama ilivyotoka kiwandani, hata kama rangi imepauka.

La tatu: Mazda MX-5 ya 1989 hadi 2005

Hapa moyo wangu unagombana na akili. Ni nyepesi, kizazi cha kwanza kina uzito wa chini kidogo ya tani moja, inavutwa na magurudumu ya nyuma, na kwa mtu anayejifunza kufungua na kufunga gari mwenyewe uani hakuna mwalimu mzuri kuliko hii. Injini zake za 1.6 na 1.8 ni imara, na zile za kizazi cha kwanza mkanda ukikatika valvu husalimika.

Lakini paa lake ni turubai. Nyuma ya viti kuna matundu ya kutolea maji ya mvua. Yakizibwa na majani na vumbi, maji huteremka ndani ya kingo za chini ya milango na kuziozesha kutoka ndani, mahali usipopaona. Kwa masika yetu hilo ni jambo kubwa. Inua zulia, papasa, nusa. Pia ni chache nchini, kwa hiyo vipande vya bodi utaviagiza.

Mercedes-Benz SLK ya 1996 hadi 2004 naiweka ya nne. Injini mafundi wa Mercedes wanaijua. Paa la chuma linalojikunja ndilo linalokula pesa, sili za mitambo yake ya oili zikianza kuvuja. Likunje na kulikunjua mara tatu mbele ya muuzaji.

La mwisho: Mazda RX-8. Bei yake huvutia sana, na sababu ipo. Injini yake ya mzunguko haina pistoni, hula oili kwa maumbile yake, na haipendi kabisa joto kupita kiasi. Joto la Februari na foleni ya kivuko cha Likoni si mahali pa kulea injini hiyo. Bila kupimwa mgandamizo na mtu mwenye kipimo chake maalumu, usiiguse.

Kuna wanaoniuliza habari za Datsun 240Z, mshindi wa Safari mwaka 1971 na 1973. Naipenda hadi kesho. Ila kutu ndiyo adui yake tangu ujana, na si gari la kujifunzia. Fufua lingine kwanza.

Ukishanunua, usikimbilie vifaa vya kuongeza nguvu. Baki na theluthi ya pesa mkononi, uanze na breki, tairi na bushi, kisha upozaji: rejeta safi, feni, na themostati, ile valvu inayozuia maji hadi injini ipate joto. Mafundi wengi hapa huing'oa themostati "ili gari lisichemke", na injini haifikii joto lake sawasawa. Irudishe. Tia kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, kamwe usitie maji ya kisima; visima vingi vyetu vina chumvi, na maji yanayokataa sabuni mkononi yanakula rejeta pia. Hata kuosha gari, malizia kwa maji matamu. Kupuliza rangi ngojea kaskazi, Januari au Februari, hewa ikiwa kavu. Wakati wa mvua rangi hushika ukungu. Na unapoingia chini, gari likae juu ya stendi za chuma. Jeki peke yake haiaminiki.

Karatasi zifanye kabla ya kutoa hata shilingi: linganisha namba ya chasisi na ya injini na zilizo kwenye logibuku (cheti cha umiliki), tafuta rekodi ya gari kwa NTSA, mamlaka ya usafiri, kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Ukija kubadilisha injini au rangi, logibuku nayo ibadilishwe, la sivyo siku ya kuuza utakuwa wewe unayeulizwa maswali na mtu aliyepiga magoti.