Kiti Maalumu cha Mtoto Kilichotengenezwa na Wanafunzi: Tathmini ya Mzazi

Kiti ninachokieleza hapa hakiuzwi dukani. Kimetengenezwa na wanafunzi wa useremala na uchomeleaji wa chuo kimoja cha ufundi hapa Dar es Salaam, wakisimamiwa na mwalimu wao pamoja na mtaalamu wa fiziotherapia, kwa ajili ya binti yetu wa miaka 6 mwenye mtindio wa ubongo. Chuo chenyewe sitakitaja, kwa kuwa nina lawama moja nzito juu ya utaratibu wake. Tulilipia vifaa tu, ufundi hatukutozwa.

Kinachostahili sifa kuliko vyote ni upimaji. Kiti cha msaada tulichokuwa nacho awali kilikuwa cha ukubwa wa mtu mzima, na mtoto akiketishwa humo alizama, mgongo ukapinda na kichwa kikaangukia kifuani, hata kumlisha uji kukawa jambo la hofu, kwani mtoto aliyekaa nusu kulala hupaliwa kwa urahisi. Wanafunzi hawa walipima upana wa nyonga, urefu wa paja kutoka makalioni hadi nyuma ya goti, urefu kutoka goti hadi kisigino, na kimo cha kwapa akiwa ameketi. Walipomaliza, mmoja wao aliniuliza, "Samahani mama, akishachoka huwa anaegemea upande gani?" Wakangoja mpaka alipochoka kweli, wakapima upya, na ndiyo maana egemeo la ubavu wa kushoto limewekwa juu kidogo kuliko la kulia. Fundi wa samani, hata awe hodari kiasi gani, hana sababu ya kuuliza swali hilo, na kwa maoni yangu ndilo lililotupatia kiti kinachofaa.

Fremu ni ya bomba za chuma na kikalio ni cha plaiwudi. Kikalio na mgongo vinakutana kwa pembe ya nyuzi 90, na mkanda haukufungwa tumboni, kama mtu asiyejua angefanya, bali unapita mbele ya nyonga kwa kuinamia nyuma na chini, hivyo mtoto hatelezi kuja mbele misuli inapokakamaa. Katikati ya magoti kuna kipande cha mbao kilichovikwa sponji, kinachozuia miguu isipishane. Ubao wa kukanyagia umefungwa kwa bolti kupitia matundu kadhaa yaliyotobolewa ili ushushwe kadiri mtoto anavyorefuka. Meza yake inachomoka, nayo ina ukingo ulioinuliwa unaozuia bakuli lisisukumwe chini. Sasa anakula akiwa wima na mkono wake wa kulia uko huru kushika kalamu, jambo ambalo halikuwezekana nguvu zake zote zilipokuwa zinaishia katika kujizuia asianguke.

Kuhusu malighafi sina furaha hiyo. Sponji ilivikwa kitambaa cha pamba, kizuri kwa joto letu lakini kinachonyonya mkojo na uji uliomwagika. Walipokibadilisha kwa reksini, usafi ukawa rahisi na jasho la mgongoni likaongezeka. Tunaishi Kigamboni, karibu na bahari, na skurubu za kawaida walizotumia zilianza kushika kutu mapema. Anayeagiza alipie zisizoshika kutu. Magurudumu madogo ya chini yanafaa sakafuni na barazani tu, kwenye mchanga yanazama, na kiti hakiingii ndani ya bajaji mpaka meza na ubao wa miguu vifunguliwe. Wanafunzi walitupa pia chaguo la kiti cha makaratasi na maboksi yaliyogandishwa kwa gundi ya unga, ufundi ulioenea kutoka Zimbabwe. Ni cha bei nafuu na kinafaa kujaribia vipimo kabla ya kukata mbao, ingawa kwa unyevu wa masika yetu nisingekitegemea kwa muda mrefu.

Lawama yangu inahusu ufuatiliaji. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 kuhusu utoaji wa viti vya magurudumu unataja hatua 8 za huduma, na ya mwisho ni ufuatiliaji, matunzo na matengenezo. Hapo ndipo chuo kilipotuangusha: tulipokipeleka kiti ili kikalio kirefushwe, waliokitengeneza walikuwa wamekwisha kuhitimu, michoro haikuhifadhiwa, na kundi jipya lilianza kupima kana kwamba kiti kimeokotwa barabarani. Wanafunzi huja na kuondoka, hilo halina mjadala, lakini faili la mtoto lingeweza kubaki. Mzazi anayeagiza adai nakala ya vipimo na mchoro siku ya kukabidhiwa, maana akiwa navyo, fundi yeyote wa mtaani anaweza kufanya marekebisho madogo chini ya macho ya mtaalamu wa fiziotherapia.

Pamoja na hayo, ningeagiza tena kwa mtoto kama wangu, anayeweza kushikilia kichwa lakini si kiwiliwili. Kwa mtoto ambaye kichwa bado hakijakaza, sipendekezi muundo huu, kwa sababu hauna egemeo la kichwa, na wanafunzi wenyewe walitueleza waziwazi kwamba hawajawahi kulitengeneza.