Nginx na thredi zake: maoni yangu baada ya kuiwekea seva yetu ya video

Kwa wale wenye seva ya mafaili makubwa inayotumia Nginx (programu ya seva inayowapelekea watu kurasa na mafaili) someni hii. Ofisini kwetu hapa Mombasa tunaweka video za harusi na mawaidha wateja wapakue wenyewe, na zote ziko kwenye diski za kawaida zile za kuzunguka, si SSD (diski za chipu zisizozunguka). Laini haikuwa shida, kebo za intaneti za baharini zinatua hapa hapa tangu ile iitwayo TEAMS ilipofika 2009, lakini usiku watu wakijaa hata ukurasa wa mwanzo, kitu kidogo tu, ulikuwa haufunguki na ukiangalia prosesa imelala haina kazi.

Sababu ni hii. Nginx tangu Igor Sysoev aitoe 2004 inaenda kwa matukio, yani woka moja (prosesi ya Nginx inayohudumia wateja) inashika maelfu ya koneksheni na epoll, kifaa cha ndani ya Linux, inaiambia ipi iko tayari. Sasa epoll inajua soketi (milango ya koneksheni za mtandao), mambo ya faili la diski haijui. Woka ikitaka kipande ambacho hakiko kwenye memori inasimama kungoja diski na wote walio chini yake wanasimama nayo, kama mkokoteni ukikwama kichochoroni Mji wa Kale, hata mwenye kikapu cha ndimu hapiti. Fungua top (programu ya Linux ya kuonyesha prosesi) utaiona woka imeganda kwenye hali ya D, yani inangoja diski.

Dawa yake ilikuja kwenye toleo 1.7.11 mwaka 2015. Kwenye faili la mipangilio ya Nginx unaandika

aio threads;

basi, ila nginx yako iwe imejengwa na --with-threads (angalia kwa nginx -V). Kuanzia hapo woka haisomi diski yenyewe, inaipa thredi (msaidizi anayefanya kazi pembeni ndani ya woka hiyo hiyo) kazi na kurudi kuhudumia wengine, thredi ikimaliza inabisha hodi na woka inaendelea pale ilipoachia. Ninachokipenda sana ni kwamba koneksheni inabaki mali ya woka ile ile, thredi ni za kusoma tu, kwa hivo hakuna fujo ya thredi mbili kugombania kitu kimoja. Na kashe ya Linux (memori inayohifadhi mafaili yaliyosomwa karibuni) inaendelea kufanya kazi, si kama ile aio ya zamani ya Linux (njia nyingine ya kusoma diski bila kungoja) inayotaka directio, yani kusoma moja kwa moja diskini, ambayo inaruka kashe yote.

Kwetu tofauti ilionekana usiku ule ule, video zinashuka na ukurasa unafunguka papo hapo. Lakini niseme ukweli, spidi ya diski haikuongezeka hata kidogo, kilichoisha ni wengine kungojeshwa. Kama mafaili yako yote yanaingia kwenye memori usijisumbue, hutaona kitu.

Angalia pia hesabu: kawaida ni thredi 32 kwa kila woka, sio kwa seva nzima, kwa hivo woka 4 ni thredi 128 zinazogombania diski moja na diski ya kuzunguka haipendi hivo. Sisi tulishusha kwa mpangilio wa thread_pool (kundi la thredi), tena kila diski tukaipa kundi lake ili moja ikizidiwa isiivute nyingine.

Natoa nyota 4 kwa 5. Ile moja ni kwa sababu inakuja ikiwa imezimwa, na wengi wenye shida hii wanakimbilia kununua seva nyingine. Ukishaiwasha chungulia logi ya makosa, ukiona "queue overflow" basi foleni ya thredi imejaa na hapo kweli ni diski mpya ndo unahitaji.