Ballistol kwenye bunduki kuukuu ya mitutu miwili: uzoefu wangu

Baba mkwe alipohamia nyumba ndogo aliniachia Savage 24 yake. Mtutu wa juu ni wa risasi ndogo ya .22, wa chini ni wa marisau, .410. Huku Minnesota inanitosha kwa kindi na sungura. Ila ilikaa kabatini miaka mingi, na mafuta aliyoipaka mzee yaliganda kama vanishi. Kile kitufe cha ubavuni cha kuchagua mtutu ukikisukuma unaumia kidole tu, hakisogei.

Nikanunua Ballistol, kopo la kupuliza. Ni mafuta ya Kijerumani ya tangu mwanzo wa karne ya 20, na yanasifiwa kwamba hayaharibu mbao wala ngozi. Nilitaka hivyo hasa, maana kwenye bunduki kama hii huwezi kupaka chuma usiguse mbao.

Kwanza nikaikunja ifunguke nyuma ya mitutu, nikachungulia chemba zote mbili. Hizi za mseto zina hila: unatoa risasi kubwa ya chini, ile ndogo ya juu unaisahau.

Kitufe nilikipulizia jioni nikaenda kulala. Asubuhi povu lilikuwa limegeuka uji wa kahawia. Nikafuta, nikasukuma: tak! Kazi ya dakika mbili.

Mtutu wa .22 ndio ulionitoa jasho. Mzee alikuwa akipiga risasi fupi, .22 Short, na hizo huacha pete ya masizi mbele kidogo ya pale ganda linapoishia. Ukija kutia risasi ya kawaida, Long Rifle, ganda linanasa. Mimi nilikuwa nalichokonoa kwa kijisu. Hapo mafuta peke yake hayakufua dafu. Nilirudia siku tatu: napulizia, naacha, nazungusha brashi ya shaba kwa mkono, kisha kitambaa. Vya kwanza vilitoka vyeusi tititi. Mdeki, ule ufito wa kusafishia mtutu, niliupitisha kutokea nyuma, nisije nikakwangua mdomo wa mtutu. Ule wa .410 ulikuwa na michirizi ya plastiki tu, ikatoka siku hiyo hiyo.

Kosa langu: nilimwaga mengi, kisha nikaisimamisha kitako chini. Yakateremka hadi mbao zinapokutana na chuma, pakabaki doa jeusi. Kutoharibu mbao si ruhusa ya kuzilowesha! Siku hizi nikishapaka naigeuza, mdomo chini juu ya kitambaa, mpaka kesho yake.

Harufu yake mimi naipenda. Mke wangu kanihamishia gereji.

Nyota nne. Ya tano naibania kwa sababu ya ile pete. Ukiwa nayo, nunua na brashi kabisa. Kwa kutu nimeridhika: wakati wa baridi, ukiingia ndani na bunduki iliyotoka kwenye theluji, chuma chote kinatoka jasho. Naiacha nje ya mfuko wake ikauke, nafuta, napaka utando mwembamba. Msimu mzima umepita, sijaona hata doa la kutu.