GR Yaris za toleo maalumu: ipi ya kuagiza, ipi ya kuiacha

Toyota ikitangaza tu GR Yaris ya idadi ndogo, yaani kile kigari kidogo chenye kasi kutoka kitengo chao cha mashindano, GR, wapenzi wa magari huku kwetu huanza kuulizana: tuagize sasa au tusubiri? Kipimo changu ni kimoja. Lipia kile ambacho fundi hawezi kukuongezea baadaye, yaani bodi iliyoimarishwa kiwandani, injini, gia na difu. Saini ya dereva na kibao chenye namba ni vya kufurahia ukiwa na hela ya ziada. Nimezipanga kwa kipimo hicho, nikimfikiria mtu anayeagiza kutoka Japani na ambaye ataliendesha gari lake, tena kwenye barabara zetu.

Kwanza ujue unachonunua. GR Yaris ilioneshwa Tokyo Januari 2020, na tangu mwanzo ilibuniwa kwa ajili ya rali. Mbele imekaa kwenye jukwaa la Yaris, nyuma imekaa kwenye jukwaa la Corolla ili ipate sasipensheni imara zaidi. Ina milango mitatu, paa la kaboni, boneti na milango ya alumini. Injini ni ya silinda tatu, lita 1.6, yenye tabo, na nguvu huenda kwenye magurudumu yote manne. Huundwa kwenye kiwanda cha Motomachi, katika sehemu iliyotengwa kwa magari ya GR. Gari la Rally1, daraja la juu la rali ya dunia, mnaloliona Naivasha limechukua jina na sura tu, kwani ndani yake ni fremu ya mabomba. Lile la Rally2, daraja la chini yake, ndilo ndugu wa damu, maana injini yake imetokana na hii hii.

Mwaka 2024 Toyota walileta toleo jipya, na hapo ndipo hesabu ilipobadilika. Nguvu kwa soko la Japani ilipanda kutoka farasi 272 hadi 304. Sehemu za bodi zilizochomelewa ziliongezwa kwa asilimia 13, na gundi ya kuunganishia bodi kwa asilimia 24. Kiti cha dereva kilishushwa milimita 25, dashibodi ikainamishwa kumwelekea dereva. Aliyewahi kuendesha lile la kwanza anajua kiti chake kilikuwa juu kama cha daladala, na kioo cha katikati kilimziba mtu mrefu asione kona ya kushoto.

Namba moja: RZ High performance ya 2024, gia za mkono

Utaniambia hii si ya idadi maalumu. Ni kweli, na bado naiweka juu ya zote. Ina difu za Torsen mbele na nyuma, zinazosaidia gurudumu lenye mshiko kupata nguvu, rimu za BBS zilizofinyangwa kwa mgandamizo (forged), injini ileile ya farasi 304 na bodi ileile iliyoimarishwa. Ilipotangazwa Japani bei yake ilikuwa yeni 4,980,000. Matoleo maalumu ya madereva wa rali Rovanperä na Ogier, nitakayoyafikia chini, kila moja lilikuwa yeni 8,450,000. Kati yake kuna yeni 3,470,000, na kwa fedha hiyo unalipa meli, unanunua seti mbili za tairi nzuri, pedi za breki za mashindano na shokamzoba zinazorekebishika, na bado chenji inabaki.

Pia hili ni gari unaloweza kulitumia bila kuogopa. Ukilikwaruza bampa Mlolongo au Kimara, unabadilisha bampa, basi. Gari ambalo liko mia moja tu Japani nzima, kila mkwaruzo unakula thamani yake, na nimeona magari ya namna hiyo yanavyoishia chini ya turubai.

Kuna RZ ya gia otomatiki, gia nane, yeni 350,000 zaidi. Kama kila asubuhi uko kwenye foleni ya Thika Road, ichukue bila kuona haya. Inabadilisha gia haraka kuliko mkono wa wengi wetu. Mimi bado ningechukua ya mkono, kwa sababu raha kubwa ya gari hili ni kulishusha gia mwenyewe ukiingia kona.

Namba mbili: GRMN Yaris

GRMN ni jina la matoleo makali zaidi ya GR, na hili ndilo toleo maalumu la kweli. Lilitangazwa Januari 2022, magari 500 kwa Japani, na wanunuzi walipatikana kwa bahati nasibu. Nalipenda kwa sababu kazi iliyofanyika ni ya chuma. Waliongeza sehemu 545 za kuchomelea na mita 12 za gundi kwenye bodi. Viti vya nyuma vikatolewa, boneti ikawa ya kaboni, uzito ukapungua takriban kilo 20, na gari likashuka milimita 10. Gia zimekaribiana, kwa hiyo ukipandisha, injini haipotezi pumzi. Hakuna gereji ya Gikomba wala Keko itakayokufanyia hayo kwa ubora ule.

Mbona basi siyo la kwanza? Kwa sababu limejengwa juu ya lile la zamani. Injini yake haifiki nguvu ya mwaka 2024, na sehemu ya uimara ule wa bodi sasa unaupata hata kwenye RZ ya kawaida. Viti ni viwili tu. Barabara zetu za matuta hazilionei huruma gari lililoshushwa. Bei yake ilianzia yeni 7,317,000 likiwa jipya, na leo anayeliuza analiuza kama kito. Ukiwa mtu wa mashindano ya muda kwenye lami, yale ya KiambuRing TT, hili lipande hadi namba moja kwenye orodha yako. Kwa mtu mwenye familia na gari moja, hapana.

Namba tatu: RC

RC ni gari la kazi. Lilitangazwa kwa yeni 3,560,000, likiwa limevuliwa karibu kila kitu ili timu za rali zijaze vyao. Injini ni ileile. Rimu ni za inchi 17, na kwa barabara ya vumbi hilo ni jambo jema, kwani tairi inakuwa na nyama zaidi ya kupokea jiwe. Lakini kiyoyozi kilikuwa cha kuagiza kwa hiari, kwa hiyo kuna RC zisizo nacho. Omba picha ya vitufe vya dashibodi kabla ya kutuma senti. Mtu wa Mombasa au Dar akipokea RC isiyo na kiyoyozi mwezi wa pili atajuta hadi mvua za masika.

Ukitaka kulivalisha roll cage, ile fremu ya kumkinga dereva gari likipinduka, na kwenda kushindana, usipoteze muda na mengine yote.

Namba nne: Rovanperä na Ogier

Najua nagusa mioyo hapa. Kalle Rovanperä ameshinda Safari Rally mwaka 2022 na 2024, Sébastien Ogier mwaka 2021 na 2023, na sisi tuliosimama Kedong, moja ya hatua za rali hiyo, tukimeza lile vumbi tunawapenda. Magari haya yalitoka 2024, mia moja kwa kila jina huko Japani, kwa bahati nasibu, na mengine machache yakapelekwa Ulaya.

Kwa haki, hayakupakwa rangi tu. Yana mifumo yake ya kugawa nguvu kati ya mbele na nyuma, ambayo huipati kwenye RZ. La Rovanperä lina mfumo uitwao DONUT wa kuzungusha gari mahali pamoja, na mwingine uitwao KALLE. La Ogier lina SEB., unaopeleka nguvu zaidi nyuma, na MORIZO, jina ambalo Akio Toyoda, mwenyekiti wa Toyota, hulitumia kwenye mbio. Lakini injini, bodi na gia ni vya RZ High performance. Yeni milioni tatu na nusu kwa ajili ya programu, rangi na, kwa la Rovanperä, bawa la nyuma ni nyingi mno. Na ukikutana na lile la Ulaya, tazama usukani kwanza: wa kushoto hausajiliwi Kenya.

La kukwepa kabisa: RS

Toleo la kwanza lilikuwa na ndugu aitwaye RS. Kwa sura ni GR Yaris kabisa, mapaja yale yale mapana. Chini ya boneti ni injini ya lita 1.5 isiyo na tabo, gia za CVT (otomatiki isiyo na hatua), na kuvuta ni kwa mbele tu. Madalali huliandika "GR Yaris" wakanyamaza. Namba ya chesisi haidanganyi: gari halisi la 1.6 huanza na GXPA16, RS huanza na MXPA12. Omba picha ya kibao hicho chenyewe, usikubali kuandikiwa kwenye WhatsApp.

Kabla ya kutuma malipo

Omba karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari huko mnadani Japani. Daraja la R au RA maana yake gari limepata ajali likatengenezwa, na kwa gari ambalo thamani yake yote iko kwenye bodi iliyochomelewa kwa makini, mimi naliacha hata bei iwe tamu. Omba picha za chini: kingo za bodi upande wa milango, mikono ya sasipensheni, na difu ya nyuma kama imelowa mafuta. Mengi ya magari haya yamepelekwa kwenye saketi wikendi, na hilo si kosa, ila mwenye gari awe na kumbukumbu za kubadilisha oili ya injini, gia na difu.

Kwa Kenya, gari lisizidi miaka minane na lipite ukaguzi wa KEBS, shirika la viwango, kabla ya kupanda meli. Ushuru wa KRA, mamlaka ya mapato, hauangalii bei uliyolipa wewe mnadani, unaangalia orodha yao ya bei za rejareja. Mpe wakala wa forodha jina kamili la toleo na namba ya chesisi akupigie hesabu kwa maandishi, kisha ndipo ulipe amana. Wakala akikukadiria kwa bei ya Yaris ya kawaida, tafuta mwingine.