Kupiga simu kupitia Wi-Fi: yaliyonikuta hapa Mamboleo

Nyumba tuliyohamia Mamboleo, Kisumu, ina maji, ina geti na ina majirani wasiopenda makelele. Netiweki ndiyo haina. Tunakaa chini kabisa, kuta ni za mawe, na juu yetu kuna slabu ya zege na familia mbili. Ukiingia sebuleni netiweki inabaki kijistari kimoja. Jikoni, ambako mimi hushinda kutwa kwa sababu naoka keki za kuuza, hakuna kitu. Wiki za kwanza nilipokelea simu nyuma ya nyumba, kando ya tangi la maji, mikono imejaa unga. Mume wangu akapabatiza pale "ofisini".

Kusimama kwenye tangi ningevumilia. Kilichoniuma ni simu ambazo sikujua hata kama zimepigwa. Mteja mmoja alitaka keki ya watu 80 ya ayie, ile sherehe ya posa ya Wajaluo. Alipiga mara tatu, akaambiwa mteja hapatikani, akatafuta mwokaji mwingine. Habari hizo nilizipata wiki moja baadaye, kanisani. Mama yangu naye, aliyeko Luanda kule Vihiga, alikuwa ameshaamua kwamba nimehamia nyumba kubwa nikawasahau wa nyumbani.

Jirani wa juu ndiye aliyeniambia: "Si mna Wi-Fi? Washa ile ya kupiga simu kupitia Wi-Fi, shida iishe." Alisema hivyo kama mtu anayekuelekeza pa kununulia nyanya.

Niseme kwanza kitu chenyewe ni nini, maana kila nikikitaja najibiwa, "Aa, WhatsApp." Siyo WhatsApp. Ni simu ya kawaida, namba yako ileile, na unayempigia hahitaji programu yoyote wala simu ya kisasa. Mama anapokea kwenye kabambe yake ya vitufe na hajui tofauti. Kinachobadilika ni njia tu: badala ya sauti kwenda hewani hadi mnara, inapita kwenye ruta yako hadi kwa kampuni ya laini. Kwa hiyo pia unakatwa muda wa maongezi au dakika za bando vilevile. Anayetafuta simu za bure hatazipata hapa. Wala si uvumbuzi wa juzi. T-Mobile ya Marekani ilikuwa na huduma ya namna hii tangu 2007, na EE ya Uingereza ikaileta 2015. Sisi tumechelewa kuigundua tu.

Simu niliyokuwa nayo wakati huo ni ya mtumba, ya Android, iliyotoka Uingereza. Nzuri, kamera safi, bei ya kirafiki. Nikafungua Mipangilio, nikaingia kwenye mambo ya mtandao, kisha SIM kadi. Swichi haipo. Nikapekua hadi mipangilio ya ile programu ya kupigia simu, hakuna. Nikapigia huduma kwa wateja wa laini yangu (kutoka kwenye tangi, ndiyo), kijana akaniambia nizime simu niwashe. Nikafanya. Kesho yake nikapata dada mwingine, naye akaniambia nizime simu niwashe.

Jibu nililipata kwa fundi mmoja mjini, kwenye kibanda kisichozidi upana wa mlango. Alinieleza kwamba simu za Android huja na mipangilio ya kampuni za laini ndani yake. Ukiweka kadi, simu inaangalia: kampuni hii naijua? Inaruhusu simu za Wi-Fi kwenye modeli hii? Kama jibu ni hapana, swichi haijitokezi kabisa, hata kama mashine yenyewe inaweza kazi hiyo. Simu iliyotengenezewa soko la Uingereza inazijua kampuni za Uingereza. Yangu haikuwa imeharibika, ilikuwa mgeni tu hapa. Fundi wa kibanda cha pili alitaka kuibadilishia programu nzima kwa ada yake. Nilikataa. Pesa zangu za biashara ziko kwenye hiyo simu, na programu za benki huwa hazipendi simu iliyochezewa. Hapo sijutii.

Nikanunua Samsung Galaxy ya safu ya A, mpya, dukani hapa Kisumu. Kabla sijatoa hela nilimwomba muuzaji tuweke kadi yangu ndani na kufungua Mipangilio papo hapo. Alinuna kidogo, lakini swichi ilikuwepo. Anayenunua simu kwa ajili ya jambo hili na afanye hivyohivyo. Maandishi ya kwenye boksi hayatakwambia, na kusifiwa modeli na mtu wa laini nyingine hakukusaidii.

Nikafika nyumbani, nikaiwasha, nikafurahi. Siku tatu nzima nikaendelea kukosa simu.

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa na kusema kitu hakifanyi kazi. Swichi kuwa imewashwa si ushahidi kwamba simu imesajiliwa kwenye Wi-Fi. Chini ya swichi hiyo, simu nyingi zina chaguo jingine: utangulize Wi-Fi au utangulize mtandao wa simu. Yangu ilikuwa inatanguliza mtandao wa simu, na maana yake ni kwamba maadamu kuna kijistari kimoja cha mnara, hata kile cha kufa kupona, simu itakikumbatia na kuiacha Wi-Fi yenye nguvu. Kwenye nyumba isiyo na netiweki hata chembe ungefaulu bila kujua. Kwenye nyumba kama yangu, yenye netiweki ya kuombaomba, ndiko unakoteseka. Nikageuza Wi-Fi itangulie.

Kipimo ninachokiamini sasa ni kimoja. Weka simu katika hali ya ndegeni, kisha washa Wi-Fi peke yake, subiri kama nusu dakika, piga. Ikiita, umefika. Isipoita, ulichokuwa unakitumia siku zote ni mnara. Kwenye Android nyingi unaweza pia kubonyeza *#*#4636#*#*, ukaingia kwenye taarifa za simu na kutafuta hali ya IMS (mfumo wa kampuni ya laini unaobeba simu za 4G na za Wi-Fi), ambayo inasema wazi kama sauti kupitia Wi-Fi ipo au haipo. Si kila modeli inakubali msimbo huo. Hali ya ndegeni zote zinayo.

Simu ya kwanza nilimpigia Mama. Sauti ilikuwa ya kabambe, yaani ya kawaida, kwa sababu sauti ile nyororo inataka pande zote mbili ziweze. Kisha nikampigia dada yangu wa Nakuru, mwenye simu ya kisasa, nikasikia hadi kijiko chake kikigonga kikombe.

Baada ya hapo ukaja ugonjwa mwingine, na huu ndio ulionisumbua kuliko yote: nikipiga mimi, inaenda. Nikipigiwa, wakati mwingine sipatikani. Hasa simu ikiwa imelala mezani saa nzima. Niligombana na ruta, nikagombana na mume wangu, hadi kijana wa kutufungia intaneti alipokuja kwa shughuli nyingine nikamkalisha na kipande cha keki.

Alivyonieleza ni hivi. Simu inapojisajili kwenye Wi-Fi huchimba handaki lililofungwa kwa siri, la IPsec, kutoka kwako hadi kwenye lango la kampuni ya laini. Handaki hilo hupita kwenye milango ya mtandao ya aina ya UDP, namba 500 na 4500. Ruta inakumbuka handaki lako kwa muda mfupi tu, na pasipopita kitu inalisahau. Kwa hiyo simu inatakiwa kubisha hodi kila mara: bado nipo, bado nipo. Simu ikizubaa, ruta inafunga, na mtu akikupigia, mlio wake unafika kwenye ukuta. Wewe ukipiga, simu inachimba upya, ndiyo maana kupiga kunafaulu.

Basi tukatafuta nini kinachoizubaisha. Tulipata wawili. Wa kwanza ni Kiokoa Betri, ambacho nilikiwasha siku niliyonunua simu na kukisahau. Wa pili ni VPN, programu inayoelekeza intaneti yote ya simu kwenye njia yake, niliyoiweka kuzuia matangazo. Nilipoizima tu, alama ya simu yenye mawimbi ya Wi-Fi ikajitokeza juu ya kioo bila kusubiri. Kwenye ruta yenyewe kijana akaingia sehemu ya usalama, akakuta IPsec imezuiwa kupita, akairuhusu. Hiyo ya ruta sijui kama ningeiona peke yangu. Tangu siku hiyo sijakosa tena simu ya mchana kwa ugonjwa huo.

Chumbani palikuwa na shida nyingine ndogo: sauti ilikatika kama ya roboti. Simu ilikuwa kwenye masafa ya gigahezi 5, ambayo yana kasi lakini ukuta wa mawe huyamaliza. Nikaihamisha kwenye gigahezi 2.4, ikatulia. Watu hudhani wanahitaji intaneti kubwa, na si kweli. Mazungumzo hula kama megabaiti moja kwa dakika. Adui wa simu ni intaneti inayokwenda kwa mikupuo, na kwetu hiyo huja saa mbili usiku, mtu nyumbani anapopandisha video.

Na hili la kutoka nje ya nyumba. Mwanzoni kila nilipofika getini nikiongea, simu ilikata. Nilikuwa nimezima VoLTE, yaani kupiga simu kupitia 4G, kwa kudhani inamaliza betri. Kumbe simu iliyo kwenye Wi-Fi huhamia kwenye mnara bila kukatika ikiwa tu mnara huo unaipokea kwa 4G yenye VoLTE. Ukiangukia 3G au 2G, mara nyingi mazungumzo yanakufa. Nimeiwasha, na sasa natoka jikoni hadi barabarani nikiongea, kunakuwa na kimya kidogo tu karibu na geti.

Kasoro zipo, na baadhi hazina dawa. Misimbo ya USSD, ile ya nyota na reli, haipiti nikiwa kwenye Wi-Fi peke yake. Kuangalia salio au kufungua menyu ya pesa kwa njia hiyo bado kunanirudisha kwenye tangi, isipokuwa nitumie programu ya simu. Ujumbe mfupi unaingia, hata zile namba za siri za benki. Kwa dharura, 999 au 112, mimi siitegemei Wi-Fi. Natoka nje kwanza.

Na stima. Stima ikipotea ruta inazima, na mimi napotea nayo, na mvua za huku na radi zake hazikawii kuipeleka. Nilinunua kibetri cha ruta, kile kidogo cha volti 12, kwa shilingi 2,800. Soma kwanza volti zilizoandikwa kwenye adapta ya ruta yako, kwani ziko za volti 9, na ukichanganya utanunua na ruta mpya. Kinanipa saa kadhaa. Lakini siku nyingine stima inapotea hadi kwenye vifaa vya mtoa intaneti huko nje, na hapo ruta yangu inawaka taa vizuri bila kuwa na lolote la kunipa.

Kitu kimoja sikukitarajia. Tulipoenda Luanda kwa Mama, laini yangu huko ni dhaifu ila ya mume wangu, ya kampuni nyingine, ina 4G nzuri. Akaniwashia hotspoti, simu yangu ikajisajili, nikawa napokea wateja wangu kwa laini yangu nikipitia mtandao wa mshindani wa kampuni ya laini hiyo. Nilichukua oda mbili nikiwa chini ya mwembe wa Mama.

Huduma yenyewe naipa nyota nne kati ya tano. Maelezo ya kuipata, kutoka kwa wanaotuuzia simu na laini, siyapi hata moja, maana kila kitu nilichoandika hapa nilikipata kwa fundi wa kibandani na kwa kijana niliyemhonga keki. Mwezi uliopita simu ilifanya sasisho usiku, na asubuhi nikakuta imerudi kutanguliza mtandao wa simu bila kuniuliza. Nilijua kwa sababu Mama alinitumia ujumbe: "Umerudia tabia yako?"