@class ya Laravel imenisafishia templeti za duka la dawa

Nina mfumo wa stoo nilioutengeneza kwa Laravel, zana ya PHP ya kujengea programu za wavuti, kwa ajili ya duka moja la dawa hapa Morogoro. Kiini chake ni jedwali: dawa iliyoisha muda, mstari wake uwe mwekundu, iliyobakiza siku 30 au pungufu, uwe wa njano. Masharti yenyewe ndiyo hayo tu, lakini niliyaandika kwa @if na @endif ndani ya alama za nukuu, yakarundikana hata nikashindwa kuyasoma mwenyewe. Siku moja nikasahau kuacha nafasi kati ya majina mawili ya klasi, yaani majina ambayo CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa ukurasa, huyatumia kujua rangi ya kila mstari. Yakashikana, CSS isiyatambue, rangi ikapotea. Aliyegundua ni muuzaji, tayari ameshika kisanduku cha dawa ya kikohozi iliyoisha muda.

Nilihamia @class wiki hiyohiyo. Ipo kwenye Blade, sehemu ya Laravel ya kuandikia templeti, tangu Laravel 8, mwaka 2021, na ni bure kama Laravel yenyewe.

<tr @class([
    'mstari',
    'umeisha' => $siku < 0,
    'karibu' => $siku <= 30,
])>

$siku ni siku zilizobaki kabla dawa haijaisha muda. Kushoto jina la klasi, kulia sharti. Sharti likitimia, jina linaingia, lisipotimia, linaachwa. Lisilo na sharti, kama 'mstari', linakuwepo daima. Nafasi kati ya majina inaziweka yenyewe, na kwangu hilo peke yake lilitosha.

Sasa angalia tena mfano huo, kwa sababu ulinipotezea jioni nzima. Dawa iliyoisha muda ina siku chini ya 0, na chini ya 0 ni chini ya 30 pia. Klasi zote mbili zinaingia. @class haichagui, inaunganisha tu. Rangi inayoshinda ni ile iliyoandikwa mwisho kwenye faili la CSS, hata ukipanga orodha yako vipi. Kwangu ilishinda njano. Dawa iliyoisha ikaonekana kama bado inauzika! Sharti sahihi ni $siku >= 0 && $siku <= 30.

Mnaotumia Tailwind, zana ya CSS yenye klasi zilizo tayari, andikeni jina zima la klasi ndani ya orodha. Ukiliunga vipande vipande kwa kigeu (variable), Tailwind hailioni inaposoma mafaili, na rangi haitatengenezwa.

Kwa sharti moja tu bado natumia alama ya kuuliza na nukta mbili (? na :), njia fupi ya PHP ya kuandika sharti. Yakifika mawili, @class. Naipa nyota 5, na jedwali lile sasa analisoma hata kijana anayejifunza kazi kwangu.