Redio ya VHF ya kufunga, wati 25 na DSC: nzuri, ila mipangilio ya kiwandani irekebishwe

Kwa vyombo vinavyofanya kazi pamoja mbali na pwani, redio ya VHF ya kufungwa chomboni ya daraja D (daraja la redio za DSC za vyombo vidogo) inaishinda ya mkononi hata ukiweka wati kando. Ina kipokezi cha pili kinachosikiliza muda wote chaneli 70, ya DSC, yaani mwito wa kidijitali, kwa hiyo unamwita mwenzako bila kuishika 16, chaneli ya dharura na ya kuitana.

Kwanza ingiza MMSI yako, yaani namba ya utambulisho wa redio ya chombo, ya tarakimu 9, taratibu, maana redio nyingi hazikuruhusu kuibadilisha mwenyewe ukishathibitisha. Kisha fungua menyu ya DSC, chagua mwito wa kawaida kwa chombo kimoja, weka MMSI ya unayemtafuta, pendekeza 72, tuma. Akikubali, redio zote mbili zinahamia 72 zenyewe. Asiye na DSC mwite kwenye 16 kwa ufupi, taja chaneli ya kuhamia, kisha ondokeni. Asipojibu, subiri dakika 2 ndipo umwite tena.

Kwa soga za kazi kati ya vyombo, 72 na 77 ndizo za kuanzia, na 8 ni akiba. Chaneli 6 nayo ni ya chombo kwa chombo, lakini ndiyo inayotumika pia na ndege za uokoaji, hivyo ikae wazi. 13 ni ya usalama wa kupishana. Habari za samaki na mafuta hazina nafasi humo. 15 na 17 zina kikomo cha wati 1, ni za mawasiliano ya ndani ya chombo.

Kinachowakwamisha wengi ni chaneli za masafa mawili, moja la kurusha na jingine la kupokea. Ukiwa kwenye 26, unarusha kwa megahezi 157.300 na kupokea kwa 161.900. Kituo cha pwani kinakusikia vizuri, ila jirani yako aliye mita 200 hasikii kitu, naye anaapa redio yako imekufa. Redio haitoi onyo la maana: herufi ndogo tu pembeni mwa skrini, na hapo watengenezaji wengi napunguzia alama.

Kagua pia kama imewekwa INT (mpangilio wa chaneli wa kimataifa) au USA (wa Marekani). Katika USA, 77 hushuka hadi wati 1 na chaneli kadhaa za masafa mawili zinageuka kuwa za masafa mamoja. Mmoja akiwa INT na mwingine USA, kwenye chaneli hizo zilizogeuka namba ni ileile lakini aliye INT hamsikii aliye USA.

Chombo kikiwa karibu, shusha hadi wati 1. Kwenye FM mwenye nguvu humfunika mnyonge kabisa, na wati 25 zako zinaweza kumfunika mtu aliye mbali. Washa pia usikilizaji wa chaneli mbili ili 16 isipotee.

Skrini ikizima unapobonyeza kuongea, tazama nyaya za umeme kwanza: kurusha kwa wati 25 kunavuta takriban ampea 5 hadi 6. Waya wa antena wa RG-58 wenye mita 15 unakula karibu nusu ya nguvu. Kwa mlingoti mrefu funga RG-213, waya mnene zaidi.

Antena zilizo juu ya maji kwa mita 9 na mita 16 zinafikiana takriban maili 16 za baharini. Anayehitaji maili 60 hatasaidiwa na chaneli yoyote ya VHF. Huyo anunue SSB, redio ya masafa marefu.